Mgeni wa Mchana

Daftari la wageni lilikuwa na nafasi ya jina, uraia, namba ya pasipoti, alikotoka mtu, anakokwenda, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Baba wa Manzese aliyekuja Jumapili na wanawe wanne, akalipa mlangoni, akanunua soda tano na sahani mbili za chipsi, akakaa akiwatazama wanawe wakipigana na mawimbi mpaka jua likaingia nyuma ya minazi, huyo hakuwa na pa kuandikwa. Hakulala. Na kwa vitabu vya hoteli, asiyelala hakufika.

Nimeyaandika madaftari hayo ujana wangu wote. Nimezaliwa Kunduchi Pwani, kwa wavuvi. Nilipomaliza kidato cha nne nikapelekwa Chuo cha Hoteli pale Forodhani, kwenye jengo ambalo Waingereza walikuwa wamelifanya klabu yao na ambalo sasa ni Mahakama ya Rufani. Kisha nikarudi kwetu, mapokezi ya hoteli mojawapo ya ufukweni, baadaye wakanihamishia uhasibu. Jina la hoteli naliacha, maana ninayoyasimulia hayakuwa ya nyumba moja. Kuanzia Mbezi hadi Bahari Beach tuliandika vitabu kwa namna ileile, na sote tulimngoja mtu yuleyule: mgeni wa ndege. Hoteli hizi zimepita mikono ya serikali, ya matajiri wa hapa na ya wawekezaji wa mbali. Zimebadilishwa majina, mameneja na rangi za kuta, huku zikiendelea kumngoja. Muda wote huo aliyekuwa akizilisha ni mtu wa mjini, anayekuja asubuhi na kurudi jioni.

Pwani yetu haikuanza kupokea wageni siku hoteli zilipojengwa. Kijijini kwetu kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na baadhi ya nguzo hizo zilipachikwa vyombo vya kauri kutoka China. Waliolala pale walikula meza moja na watu waliovuka bahari, karne nyingi kabla ya yeyote kuwaza habari ya kuuza chumba kwa usiku. Wakati wa mkoloni starehe ya bahari ilikuwa Oysterbay, karibu na mji, mbele ya nyumba za maofisa. Huku kwetu, zaidi ya kilomita 20 kaskazini kwa Barabara ya Bagamoyo, palikuwa na minazi, mkonge na ngalawa. Wazee wetu waliwakumbuka Wazungu wenye magari waliokuja Jumapili na vikapu vya chakula, wakatandika mashuka chini ya minazi, wakaogelea, wakarudi mjini kabla ya giza. Hao ndio walioanza kuja na kurudi siku hiyohiyo, na hakuna aliyewaona si wageni.

Azimio la Arusha lilipotangazwa mwezi Februari 1967, serikali ilishika benki, viwanda na biashara kubwa, na utalii nao ukaingia katika mipango yake. Mwaka 1969 likaundwa Shirika la Utalii Tanzania, ambalo kila mtu alilijua kwa herufi zake, TTC. Kaskazini zikajengwa loji za Seronera, Lobo, Ngorongoro na Manyara. Pwani zikainuka hoteli za Kunduchi na Bahari Beach. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuuelewa: mgeni akashibe kutazama simba huko juu, kisha ashushwe pwani apumzike. Kunduchi walijenga kwa matao meupe. Bahari Beach walijenga nyumba za ghorofa za mawe ya matumbawe, wakaziezeka makuti, ukizitazama kutoka baharini unadhani ni kijiji. Jirani ilikuwapo Africana ya Mbezi. Katikati ya mji palikuwa na Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965, hiyo ikiwa ya mabalozi na wakubwa.

Mambo hayo hayakupita kimya. Mwaka 1970 vijana wa TANU pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandika katika gazeti la The Standard wakiuliza: nchi ya ujamaa inajenga hoteli za starehe kwa ajili ya nani? Majibu yakamiminika gazetini. Upande mmoja ulisema nchi inahitaji fedha za kigeni za kununulia mashine na dawa, na bahari tunayo bure. Upande wa pili ulisema fedha hizo zitaishia kununulia vyakula na vinywaji vya wageni haohao, na vijana wetu watabaki kubeba mizigo na kuinamisha vichwa. Mwaka 1973 Issa Shivji aliyakusanya mabishano hayo kuwa kitabu. Mimi nilikuja kukisoma nikiwa tayari na sare ya mapokezi, na kilichonishangaza ni jambo ambalo pande zote mbili zilikubaliana bila kulisema: mgeni ni mtu atokaye Ulaya au Marekani. Hakuna aliyeuliza kama mtu wa Temeke naye angependa kuoga baharini siku ya mapumziko, na kama angelipa.

Watu wa kwetu walizoea hoteli kwa upande wa nyuma. Baba aliingia kwa mlango wa jikoni na changu, kamba na pweza, akapimiwa, akasaini, akangoja mwisho wa mwezi. Wahudumu walionitangulia walisimulia jinsi Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulivyowapa kifua cha kumwita meneja mbele ya kamati ya wafanyakazi na kumuuliza kwa nini anawafokea. Nilipofika mimi kifua hicho kilikuwa kimeanza kusinyaa. Mishahara ilikuwa midogo, ila kulikuwa na sare, chakula cha mchana na gari la kuturudisha usiku, na mtoto wa mvuvi aliyekaa mezani na simu mbili alionekana kwao amepata.

Nilifika wakati mbaya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi Februari mwaka huo mpaka wetu na Kenya ulikuwa umekwisha fungwa. Watalii wengi wa kaskazini walikuwa wakishukia Nairobi na kuingia Tanzania kwa mabasi madogo ya kampuni za huko. Mpaka ulipofungwa, Kenya ilibaki na watalii pamoja na ufukwe wa Mombasa, na sisi tukabaki na vyumba. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulikuwa umefunguliwa tangu 1971, lakini ndege haiji kwa sababu uwanja upo. Huja kwa sababu kuna kampuni ya kuuza safari, na kampuni hizo zilikuwa zimeshazoea Nairobi. Kisha vita vya Kagera vikala mafuta na fedha. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, na kwa miaka hiyo yote kazi yangu ilikuwa kuandika sifuri kwa mwandiko mzuri.

Kilichotuokoa upande wa vyumba kilikuwa semina. Chama kilikuwa na semina, wizara zilikuwa na semina, mashirika ya umma yalikuwa na semina za kujadili kwa nini mashirika ya umma yanapata hasara. Wataalamu wa Sweden na Denmark nao walikuja, na hawa walilipa taslimu. Wengine walikuja na LPO, ile hati ya manunuzi ya serikali, na LPO ilikuwa ahadi: italipwa bajeti ikiruhusu. Katika vitabu mgeni wa semina alihesabika, maana alilala, hata kama deni lake lilizeeka kuliko godoro alilolalia.

Watu wa mjini nao waliendelea kuja. Miaka ile ya uhaba wa mafuta magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi alfajiri ya Jumatatu, isipokuwa kwa kibali. Basi wenye magari waliwahi asubuhi. Ikifika saa saba ungewaona wakubwa wakikung'uta mchanga miguuni, wake zao wakikusanya taulo, watoto wakilia kwa kutolewa majini, na magari yakipigana kutoka kwenye maegesho ili yavuke Mwenge kabla polisi hawajajipanga barabarani. Saa nane ikipiga, ufukwe ulibaki wa watu wa mabasi ya UDA, wa magari ya abiria yaliyoitwa chai maharage na wa miguu. Kwa saa kadhaa kila Jumapili, mafundi cherehani wa Magomeni na wapakuzi wa bandarini waliotoka Temeke kwa mabasi mawili walikaa kwenye viti vilivyonunuliwa kwa ajili ya Wajerumani. Kuondoka kulikuwa na shida zake, kwani basi la mwisho halikuwa na saa maalumu, na wengine walitembea hadi barabara kubwa na watoto mgongoni. Jumapili iliyofuata walirudi.

Nasi tuliwapokea kwa tulichokuwa nacho. Sabuni ilikuwa adimu, sukari adimu, bia iligawanywa kwa zamu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanza msako wa wahujumu uchumi, mtunza stoo wetu akawa anahesabu vipande vya sabuni za wageni asubuhi na jioni, asije akakutwa na kipande kisicho na karatasi. Vyumba vilivyokuwa vitupu tulivitoa balbu na vitasa tukavitia kwenye vyumba vyenye watu. Lakini muhogo wa kukaanga ulikuwapo, samaki wa baba walikuwapo, na bahari haikuhitaji kibali cha kuagizwa kutoka nje.

Nilipohamishiwa uhasibu ndipo nikauona ukweli uliojificha. Taarifa yetu ya mwezi ilianza na vyumba: vilivyopo, vilivyouzwa, mgeni ametoka nchi gani, amelipa fedha gani. Ikafuata chakula na vinywaji vya wageni wa hoteli. Chini kabisa, juu ya mstari wa jumla, palikuwa na maneno mawili: mapato mengineyo. Humo ndimo tulimoweka fedha za kuuza kreti tupu na magunia, na humohumo tukaweka viingilio vya mlangoni, soda na chipsi za ufukweni, taulo za kukodi na meza za sikukuu. Mwezi wenye Idi au Krismasi, mstari huo wa chini ulivipita vyumba vyote kwa mbali. Nilimpelekea mkubwa wangu karatasi nikiwa nimeutenganisha, kreti huku, watu huku. Akaitazama, akaniuliza, "Humu dola ni ngapi?" Nikamjibu hakuna. Akanirudishia karatasi.

Sikumlaumu sana. Yeye naye alikuwa akiulizwa hivyo hivyo huko juu. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa takriban shilingi 17 kwa bei ya serikali, na hoteli ilihitaji dola kwa ajili ya pampu, majokofu na vipuri vya jenereta. Shilingi ya mgeni wa mchana haikununua pampu. Ililipa mishahara, lakini mishahara haikaguliwi na wafadhili.

Kuna jambo jingine lililokuwa likitokea ambalo halikuingia katika taarifa yoyote. Bahari ilikuwa inasogea. Mji ulikuwa unajengwa kwa kasi, kiwanda cha saruji cha Wazo kilikuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1966 hapo kilimani juu yetu, na saruji inahitaji mchanga. Malori yaliuchota kwenye mito midogo inayoshuka baharini, Tegeta, Mbezi na vijito vya kati. Mchanga ule ndio uliokuwa ukija kujazia fukwe kila mvua zinaponyesha. Baruti za wavuvi haramu nazo zilivunja matumbawe yaliyokuwa yakiyapunguza nguvu mawimbi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 fukwe za Kunduchi zilianza kuliwa. Minazi iliangukia majini mizizi ikiwa nje. Hoteli zikajenga kuta za mawe kuingia baharini, na ukuta wa mmoja ukamzuilia mchanga jirani yake. Africana ilishindwa, ikaachwa. Leo Africana ni kituo cha daladala. Kondakta huita jina hilo mara mia kwa siku, na abiria wengi wanaoshuka hapo hawajui kwamba lilikuwa la hoteli.

Ukilifikiria, jiji lilichukua mchanga wa ufukwe likajengea nyumba za Sinza, Mwenge na Tegeta, kisha wakazi wa nyumba hizo wakaja Jumapili kuutafuta ufukwe. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta mji wa Dar es Salaam na watu wasiofika 300,000. Ya mwaka 1978 ilikuta mkoa mzima una zaidi ya 840,000, na ya 1988 ikavuka milioni moja na laki tatu. Tulikuwa tukilia kwamba soko limekufa ilhali soko lilikuwa likiongezeka maradufu nyuma ya mgongo wetu, kwa upande wa nchi kavu.

Baada ya mwaka 1986, serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi iliporomoka mpaka dola moja ikakaribia 200 mwaka 1990. Maduka yakajaa sabuni. Mwaka huo watalii waliofika nchini walikuwa takriban 153,000, na waliofika kwetu pwani walikuwa wachache. Mwaka 1992 sheria ilibadilishwa, kazi ya kutangaza utalii ikarudishwa kwa Bodi ya Utalii, na hoteli za umma zikaingizwa kwenye orodha ya mashirika ya kuuzwa. Tume ya ubinafsishaji, PSRC, ndiyo iliyosimamia.

Wanunuzi walikuja kwa makundi, na sisi tuliwapitisha. Nilitazamia waulize habari za vyumba, maana ndivyo vitabu vyetu vilivyoandikwa. Wengi wao walivitazama vyumba kwa dakika chache, kisha wakatoka na kutembea mpaka wote wa kiwanja, wakihesabu hatua. Walikuwa wananunua ardhi ya baharini ndani ya jiji linalokua. Pamoja na karatasi zote tulizoziandaa, thamani tuliyokuwa nayo haikuwa katika daftari la wageni.

Mikono ikabadilika. Bahari Beach ilikwenda kwa wawekezaji wa Libya, baadaye ikaitwa Ledger Plaza Bahari Beach. Kunduchi ikachukuliwa na wafanyabiashara binafsi. Pembeni wenye mitaji ya hapa nchini walijenga hoteli zao wenyewe, White Sands ikiwa mojawapo. Wafanyakazi wa zamani tulipewa bahasha zetu na barua za shukrani. Mimi niliingiza yangu kwenye jiko la mkaa, karai na meza, nikaanza kukaanga samaki Mtongani, njia panda ya kuelekea pwani. Ni kazi inayofundisha utalii kuliko mapokezi, maana mteja wako anapita mbele yako akiwa na njaa, na unajua alikotoka kwa kumsikiliza akibishana na bodaboda.

Aliyekuja kumtambua mgeni wa mchana kwanza kibiashara alikuwa yule aliyeweka mitelezo ya maji pale Kunduchi, Wet 'n' Wild. Karne mpya ilipoanza watu walikuwa tayari wakipanga foleni. Biashara nzima ilitengenezwa kwa ajili ya asiyelala: tiketi ya mtu mzima, tiketi ya mtoto, makabati ya nguo, mabwawa ya wadogo na ya wakubwa, na bango kubwa getini kwamba vyakula na vinywaji kutoka nje haviruhusiwi. Mabasi ya shule yalikuja kutoka Mbagala, Kibaha na hata Morogoro, watoto wakiimba kuanzia Mwenge. Sikukuu ya Idi barabara ya kutoka Mtongani ilikuwa haipitiki. Akina mama waliofahamu lile bango walipitia kwangu kwanza, watoto wakala samaki na mihogo wakashiba, ndipo wakaingia. "Shikamoo bibi, tufungie na wa kurudia," waliniambia. Wengine waliwafunga watoto chapati kwenye taulo. Mlinzi alijua, na mlinzi naye ana watoto.

Upande wa Temeke historia ilikwenda njia nyingine. Kigamboni, ambayo ilikuwa sehemu ya Temeke kabla ya kufanywa wilaya inayojitegemea, haikuwahi kupewa hoteli kubwa za serikali kama zetu. Ilikuwa na kivuko. Anayetoka Kariakoo au Mtoni alivuka kwa nauli ya shilingi chache, akafika kwenye fukwe ambazo wenyeji na wawekezaji wadogo walijenga vibanda vya makuti, jiko na choo. Hawakuwa na daftari la pasipoti, kwa hiyo hawakupata nafasi ya kumdharau asiye nayo. Siku za sikukuu foleni ya kivuko ilianzia Magogoni ikapinda hadi soko la samaki. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, mita 680 kutoka Kurasini hadi ng'ambo, magari yaliongezeka, na bei za viwanja zikapanda pamoja nayo. Huko sasa wameanza kuweka kuta ndefu, kama sisi tulivyoanza.

Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli alizuia taasisi za serikali kufanya mikutano yake kwenye kumbi za kukodi wakati serikali ina kumbi zake. Semina, ile iliyokuwa imetujazia vyumba kwa miaka mingi, ikaondoka karibu kwa siku moja. Waliokuwa wameacha kumjali mtu wa Jumapili wakaanza kumtafuta. Yakaja matangazo ya kiingilio chenye kinywaji ndani yake, nyama choma na muziki Jumamosi, kumbi za kitchen party, send-off na harusi. Ukumbi mmoja wa pwani ya kwetu waweza kupokea kwa wikiendi moja watu wengi kuliko tuliowalaza sisi kwa miezi, na hakuna hata mmoja anayeulizwa uraia wake.

Hesabu za taifa zinazotajwa zaidi bado ni za ndege na mipaka. Watalii wa kimataifa walikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga anga la dunia, walianguka hadi 620,867. Mwaka 2024 walivuka milioni 2.1, na nchi ina haki ya kufurahi. Lakini wengi wao Dar es Salaam huiona kupitia dirisha la teksi: wanabadilisha ndege kwenda Arusha, au wanawahi boti ya Zanzibar. Mwaka ule wa korona niliona kwa macho yangu pale Mtongani ni biashara zipi zilizosimama upesi baada ya miezi ya mwanzo ya hofu. Zilikuwa zile zinazomtegemea mtu wa Tabata na Kimara. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu hao, pamoja na wengine wote wa mkoa, 5,383,728.

Mtu ataniambia mgeni wa mchana hahesabiki, wako wengi na hawana karatasi. Anahesabika. Huko Marekani na Uswisi, kwenye milima ya theluji watu wanakokwenda kuteleza, wenye viwanja huhesabu kila anayekata tiketi ya siku, awe amelala hoteli ya jirani au ametoka kwake asubuhi kwa gari. Kipimo chao kikuu cha mwaka mzuri au mbaya ni hicho, na kiwanja kinapouzwa mnunuzi hukiuliza mapema. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mbele ya Kunduchi kuna kisiwa cha Mbudya, kilichotengwa kuwa hifadhi pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini tangu mwaka 1975. Huko kila anayekwenda hulipa ada ya hifadhi na kukatiwa risiti, mwananchi kwa bei yake na mgeni kwa bei yake, na wengi wao hurudi jioni. Wavuvi wa kwetu wanaobeba watu kwa boti wanaweza kukutajia mwezi mzuri na mwezi mbaya bila kufungua kitabu. Kinachoitofautisha Mbezi na Mbudya si hesabu, ni nia.

Nasema haya kwa sababu asiyehesabiwa hatengewi nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, lakini sheria haisemi utafikaje kwenye hizo mita 60 ikiwa viwanja vyote vya mbele vimezungushiwa ukuta. Nilipokuwa msichana, kutoka Kunduchi hadi Mbezi njia za kushukia majini zilikuwa nyingi, za wavuvi na za wachota maji ya chumvi. Nyingi zimekuwa mageti. Ndiyo maana mvutano juu ya ufukwe wa Coco Beach, pale Oysterbay, uliwagusa watu wa Mburahati na Tandale ambao hawana kiwanja hata cha futi kumi: palipotajwa mwekezaji, walielewa upesi kwamba ni mlango wao unaojadiliwa.

Hoteli zetu zitauzwa tena. Ndiyo kawaida yake, na simlilii mmiliki yeyote, maana wote niliowaona walikuja na matumaini yao na wakaondoka na hesabu zao. Serikali ilidhani itapata dola, wanunuzi walidhani watapata ardhi, na kila mmoja alipata kiasi. Jambo moja halijauzwa bado, nalo ndilo Manispaa ya Kinondoni na ya Kigamboni zinapaswa kulipima, kulichora kwenye ramani na kuliwekea kibao: vichochoro vya kwenda baharini. Mwekezaji mwenye akili angevidai yeye kwanza kabla hajatia saini. Mgeni wa ndege anaweza kubadili njia kwa sababu ya mpaka, vita, ugonjwa au bei ya tiketi. Yule wa Manzese yupo, wajukuu zake wapo, na nauli ya daladala wanayo. Wakikuta njia iko wazi watakuja, na wakija watanunua. Wakikuta ukuta watageuza, na hapo hakuna rangi ya hoteli wala jina jipya litakalowarudisha.